Taa ya Linus Yenye Miiba

Mimi si mwepesi wa kusifu majirani, lakini Hedi Zollinger namsifu, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Kijijini kwetu kando ya ziwa la Zurich, kila Novemba watoto huandamana usiku na taa za tanipu, mboga ya mviringo inayoota ardhini kama kiazi. Unaikwangua tanipu ndani kwa kijiko, unabandua ganda la zambarau kwa michoro, unaweka mshumaa, na mwanga unapenya kwenye nyama nyeupe. Miaka nenda miaka rudi, taa za nyumba ya Hedi ndizo zilizowasimamisha watu njiani. Na sote tulijua kwamba alizichonga yeye, wajukuu walikuwa wabebaji tu.

Mwaka jana mjukuu wake mdogo, Linus, aliposifiwa, alijibu mbele za watu, "Hii kazi ya bibi." Akaiweka taa chini barabarani, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hedi aliumia sana. Akaniapia kwamba mwaka huu Linus atatembea na kazi ya mikono yake mwenyewe, na yeye hashiki kisu.

Nilicheka. Hedi asishike kisu? Thubutu!

Siku yenyewe nilikuwa jikoni kwake nakunywa chai. Ladina, dada mkubwa wa miaka kumi na minne, alikuwa anachora paka na masharubu yake yote. Beat, wa katikati, alikuwa anagongea nyota kwa vibati vya kukatia biskuti, meza nzima inatikisika. Linus, wa miaka mitano, alipewa kijiko. Akawa anakwangua, anakula, anakwangua, anakula.

"We, unatengeneza taa au unapata chakula cha jioni?" Beat akamtania.

Linus akapandwa na hasira, akakwangua kwa nguvu zote, na kijiko kikatokea upande wa pili. Tundu hilo, la kupitisha ngumi yake! Upepo ukiingia hapo mshumaa hauwaki, na tanipu madukani zilikuwa zimekwisha tangu juzi. Mtoto akaangua kilio.

Hedi akanyanyuka, mkono unakwenda kwenye kisu chake kidogo.

"Shoga, uliapa nini wewe?" nikamuuliza.

"Nyamaza, kunywa chai yako!"

Lakini akaketi. Akaikalia mikono yake miwili, mwanamke mzima wa miaka sabini, akageukia dirishani huku anauma midomo.

"Bibi, nitengenezee!" Linus akalia.

"Siwezi, mpenzi wangu. Dada yako yupo, kaka yako yupo."

Ladina akasonya. Akaitazama taa yake ya paka, akashusha pumzi, kisha akakata pande nene kwenye kifuniko cha taa hiyo, akaliziba nalo tundu la Linus. Beat akaleta vijiti vya kuchokolea meno ili kulishikiza.

"Haya, mdogo wangu, chomeka mwenyewe," Ladina akamwambia. "Hapa. Hapa, siyo kwenye kidole changu!"

Linus akachomeka vijiti mpaka taa ikawa kama nungunungu. Kisha akakwaruza kwa ukucha duara lenye miguu miwili. "Huyu mimi," akasema, machozi bado mashavuni.

Jioni taa za barabara zikazimwa, maandamano yakaanza. Upepo wa ziwa ulikuwa mkali, nami sikuona kitu kingine ila ule mshumaa wa Linus. Uliyumba, ukainama, ukasimama tena. Mpaka tunafika uwanja wa kanisa ulikuwa unawaka, na mtoto anatembea kama jenerali.

Mwenye duka la mikate akatusimamisha hapo uwanjani. Akainama, akaitazama taa ya miiba, akaguna. "Hedi! Macho yameanza kukusumbua, au? Hii nayo ni nini?"

Niliogopa, maana Hedi kwa kupenda sifa hana mpinzani. Akatoa kifua mbele, akajibu kwa sauti iliyowafanya hata wapiga tarumbeta wa maandamano wageuke.

"Sikuigusa hata kwa kidole!"