Saluni ya Behewa la Tatu

Siku ya kwanza mama yule alipoingia dukani kwake, Hapunguzi alimhesabu kuwa mteja wa kupoteza muda. Mwanamke mfupi, mkoba begani, chanuo limechomekwa kwenye kilemba kama penseli ya seremala. Alizivuta pakiti za nywele za kusukia moja moja kuona kama zinanyonyoka, kisha akataja bei ambayo hata kiwandani wangemfukuzia.

"Dada, kwa bei hiyo nikuuzie au nikuoe?"

"Kuoa hutaweza, utaomba mahari ipunguzwe. Uza tu."

Duka lilikuwa chini ya ngazi za kituo cha treni, na jina la Hapunguzi hakulipata kwa kuokota. Lakini siku hiyo alishuka bei. Alijiambia ni kwa sababu mama yule alichukua mzigo wa jumla. Kilichomwasha ni kitu kingine: msusi wa kununua nywele nyingi hivyo, yeye hamjui!

"Saluni yako iko mtaa gani?"

"Behewa la tatu."

Akadhani anataniwa. Kesho yake alipanda treni kuhakikisha.

Miji ya pwani hiyo ilikuwa mitano zamani. Sasa imegandana, na ukitaka kujua umetoka mmoja ukaingia mwingine, tazama rangi ya mapipa ya taka. Kila asubuhi watu wa upande mmoja wanakwenda kutafuta riziki upande wa pili, kwa treni inayosimama kila penye watu. Mama Behewa, ndivyo abiria walivyomwita, aligundua kwamba safari ile inatosha nusu kichwa. Asubuhi anasuka nusu, mteja anashuka kazini kajifunga kitambaa. Jioni wakirudi, anamalizia nusu iliyobaki. Mkagua tiketi alimpa sharti moja tu: unywele hata mmoja usibaki sakafuni.

Hapunguzi alirudi dukani akikuna kidevu. Wateja wote wale, na hakuna hata mmoja anayepita mlangoni kwake!

Ndipo ikatangazwa treni ya mwendo kasi: reli mpya, vituo viwili tu, mwanzo na mwisho, safari ya kufumba na kufumbua. Hapunguzi akaona mlango umefunguka. Akamwita Mama Behewa.

"Treni hiyo itakula saluni yako. Abiria wako wote watahamia huko, na kule hutamaliza hata utosi. Nina chumba juu ya duka. Nywele utanunua kwangu, kodi utalipa kwangu."

"Na mimi nabaki na nini?"

"Kiti cha kuzunguka."

"Nitakujibu treni ikishaanza."

Hapunguzi hakungoja jibu. Alinunua vioo vitatu, akapaka chumba rangi. Mkewe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba watoto, mkamia maji hayanywi."

"Nani anakamia? Najiandaa."

Treni mpya ilizinduliwa mchana, na jioni ile ikawa bure kwa wote. Nani angeiacha? Hapunguzi alipanda pia, amefuata jibu lake. Mama Behewa alikuwa amemweka mbele yake karani wa mahakama, mama wa mwili na vicheko, aliyesukwa nusu tangu asubuhi. Vidole vilikwenda kama cherehani, lakini treni ikavishinda. Hata hawajazoea viti, wamefika mwisho. Upande mmoja wa kichwa cha karani ulikuwa mistari inayong'aa, upande wa pili kama godoro lililopasuka.

"Niingie nyumbani hivi? Mume wangu atasema nimepigana na nikashindwa!"

Behewa zima likaangua kicheko. Hapunguzi akajisogeza.

"Si nilikwambia? Chumba kiko tayari, kinanuka rangi mpya."

Karani aliishi mji wa nne, kwa hiyo ilibidi arudi nyuma kwa treni ya zamani, iliyokuwa inangoja ng'ambo ya jukwaa. Wakavuka. Hapunguzi akawafuata, maneno yake bado mdomoni.

Behewa la tatu lilikuwa tupu.

Mama Behewa alisimama mlangoni akilitazama. Miaka yote alikuwa akisuka amebanwa, kiwiko cha mtu ubavuni. Sasa akamkalisha karani dirishani, akatandaza nywele kwenye kiti cha pili, chanuo na mafuta kwenye cha tatu. Kituo kilichofuata wakaingia wanawake wawili wa sokoni.

"Kumbe leo kuna nafasi! Dada, na sisi utatusuka?"

"Kaeni, viti ndivyo hivyo." Akamgeukia Hapunguzi. "Shemeji, chumba chako mpangishe mwingine. Wenye haraka wameondoka na haraka yao, wameniachia behewa. Pakiti za kahawia bado unazo?"

Karani alicheka hadi kichwa kikatikisika.

"Tulia, mama, nitakusuka sikio!"

Leo Mama Behewa anasuka na mdogo wake na binti wa kaka yake, vichwa vitatu kwa wakati mmoja. Wapo wanawake wenye tiketi ya mwendo kasi mfukoni wanaoamka mapema waikimbilie ya polepole. Alichopoteza ni mapumziko: hata Jumamosi wanamgongea dirisha la nyumbani.

Hapunguzi alikula hasara ya rangi, na vioo viwili aliviuza kwa bei ya kuona haya. Cha tatu mkewe alikataa kisiuzwe. Lakini nywele anauza nyingi kuliko wakati wowote, mradi azibebe mwenyewe hadi behewani, kwa bei anayotajiwa. Safari ya kwanza alinuna njia nzima. Ya pili alipewa kiti, akaulizwa habari za nyumbani, akauza begi lote kabla ya mji wa tatu. Tangu hapo anawahi kituoni kabla ya wasusi.