Siku Masœur Alipakwa Miroir Royal

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nadanganya. 2021 njo mwaka nilivunja kidole cha muguu kule Luena, singeweza kutembea mpaka Kamina. Basi ilikuwa 2022, mu mwezi wa saba, wakati vumbi inakaa hata ndani ya chai. 2022. Sitabadilisha tena.

Minyi niko muntu wa njia. Nikifika Kamina nalala kwa Ézéchias Kitenge, sababu baba yake na minyi tulipakia makaa pamoja ku mashimo ya Luena. Ézéchias ananiita kambo, kama vile huku tunaita babu, na ananipa kiti ile haijavunjika sana. Iko muntu wa miaka makumi tano, mwembamba, anavaa kravati hata akienda kununua unga ya muhogo. Bibi hana, alikufa. Iko na gari.

Gari ile, nyeusi, ya milango ine, aliipa jina Masœur, kama vile tunaita mama mutawa, sababu ilivaa nyeusi na haikupenda makelele. Kila asubui alikuwa anaisalimia: «Masœur, umelala muzuri?» Na majirani, juu ya lupango, ile ukuta ya kiwanja, banaijibia: «Nimelala, lakini betri inaniuma!» Ézéchias hakasirike. Anasema majirani bake bote bana wivu ya kiroho.

Kazi ya Masœur ilikuwa kubeba bibi-arusi. Miaka mingi, binti yote wa quartier, wa mitaa yetu, alitokea mu mulango yake ya nyuma. Kisha Jephté wa Base, kule kambi, mutoto wa askari, akaleta gari yake mupya, inangaa kama sufuria ya mugeni. Ézéchias, yeye, alikuwa anangarisha Masœur na mazutu, mafuta ya dizeli, kidogo ndani ya maji. Mazutu inangaa saa moja tu, kisha vumbi yote nyekundu ya Kamina inaona pa kukaa. Siku ya Pasaka bibi-arusi mumoja aliegemea mulango, nguo yake nyeupe ikatoka na mustari mwekundu toka kiuno mpaka bega, kama reli. Kutoka pale, hakuna muntu alimwita tena. Muntu mumoja wa Luena, mwenye kuuza vyuma vya gari, alikuwa anapita kuangalia Masœur na macho ya muchinjaji: mulango ataweka huku, moteri kule.

«Rudia siku ya kwanza ya kazi,» Ézéchias akamwambia, bila kumuangalia. «Kama Samedi sipate ndoa, utaikata.»

Ile Samedi, ni kusema Jumamosi, ilikuwa ndoa ya Priscille na mutoto wa mama Kabedi. Na mama Kabedi njo mama ule anasimama mbele ya chorale, baimbaji ba kanisa, akikuangalia unaimba hata kama haujue wimbo. Alikuja na kusema:

«Ézéchias, nakuheshimia. Samedi, kisha misa ya asubui, nitapita hapa. Nikiona uso yangu ndani ya mulango ya gari, nabeba yako. Nisipoona, nabeba ya Jephté.»

Basi njo vile Ézéchias alinunua Miroir Royal, ni kusema kioo ya mufalme. Siraje ya gari, dawa ya kungarisha, mupya kabisa, hakuna muntu alikuwa ameijaribu mbele mu Kamina. Muchuuzi aliitosha mu gunia kama vile banatosha mutoto mwenye kulala mu kitambaa ya mugongo. Kakopo kadogo, na taji ya zahabu juu. Ézéchias akavaa lunette ya macho, akanisomea Kifaransa yote: kupaka kidogo kidogo, kufanya mahali pa kivuli, kungoya ikuwe nyeupe, kupangusa mbio.

«Kambo, unasikia? Kidogo kidogo!»

«Nasikia.»

Lakini mutoto ule namujua. Ukimwambia kidogo, anafikiri unamufichia kitu.

Shangazi yake Kyabu alikuwa pale pia. Alitoka Kabondo-Dianda sababu ya ndoa, siku tatu mu njia, na bado kitambaa yake ilikuwa safi kuliko yetu. Mama mukubwa sana, alifundisha katekisimu miaka makumi ine. Samedi asubui, mbele ya kuenda misa, akabeba kakopo ku meza, akakapeleka mbali na macho, akakarudisha karibu, akakaweka.

«Kakopo kazuri,» akasema. «Ukimaliza utanipa, nitachunga sindano.» Akaenda.

Ézéchias akaosha Masœur. Kisha akapaka. Si kidogo kidogo: akapaka yote, paa, milango, mpaka pete za magurudumu, kakopo kakabaki mutupu. Kivuli haikukuwa, jua ya mwezi wa saba iliangalia kazi yote. Minyi nilikuwa ku kiti yangu naona Masœur anageuka mweupe. Mweupe pepepe. Ézéchias akachukua kitambaa apanguse.

Pale pale vigelegele ikalia ku mulango ya lupango.

Shangazi Kyabu alikuwa amerudi. Alisimama, mikono juu, akapiga tena vigelegele, majirani bakatoka na visu za kuchambua sombe, majani ya muhogo, mu mukono.

«Ézéchias! Mutoto wa kaka yangu! Umeipaka mpemba!»

Musomaji, kama haujue: mpemba ni udongo mweupe. Kwetu Baluba, mwenye kupona bugonjwa, mwenye kushinda mambo, mwenye kupewa jina kubwa, banamupaka mpemba ku mikono na ku paji ya uso, na furaha yote inaonekana. Siraje ya Miroir Royal ikikauka, wallahi, inafanana nayo kama mapacha.

«Shangazi, iyi ni siraje!»

«Nyamaza. Weka kitambaa chini.»

«Lakini ikikauka sana haitoke! Imeandikwa!»

«Mpemba haipanguswe na mukono wa muntu. Inatoka yenyewe, siku yake.» Akapeleka kidole ku mulango, akajipaka ku paji. Akanusa kidogo. Akampaka jirani, jirani akampaka mwingine. Minyi pia nilipakwa. Ilinuka chungwa na petroli.

Ézéchias alikuwa anazunguka gari na kitambaa yake kama kuku anatafuta pa kutaga. Akipeleka mukono huku, shangazi iko huku. «Shangazi, nakuomba, pahali padogo tu, ku mulango moja, mama Kabedi aone uso yake!»

«Uso yake anaijua.»

Na jua inapiga.

Mama Kabedi akafika na kitabu ya nyimbo chini ya kwapa. Nyuma yake Jephté, pole pole, ndani ya gari yake inangaa, dirisha chini.

«Ee, baba Ézéchias!» Jephté akasema. «Masœur amebadilisha kanzu? Banamutuma misioni ya Afrika, kwa bamasœur beupe?»

Bantu bakacheka. Hata minyi, samahani. Ézéchias alikuwa anaangalia viatu yake. Niliona muntu wa Luena ndani ya ile kichwa yake, anapima milango.

Mama Kabedi akaenda mpaka ku mulango ya nyuma. Akainama. Hakuona uso yake, hakuona kitu, ilikuwa kama kuangalia ukuta ya kanisa. Akageuka kwa shangazi Kyabu, akapiga magoti kidogo, kama vile banasalimia mukubwa.

«Eyo, vidye,» akamusalimia mu Kiluba. «Ni nani aliipaka?»

«Mwenyewe,» shangazi akajibu. «Sababu ya mutoto wako.»

Machozi ikamutoka mama Kabedi, yeye mwenye kuliza chorale muzima. Alisema mutoto wake alikataa mambo yote ya bakubwa: anataka keki, anataka micro ya kuimbia, hakuna hata mumoja alikumbuka kubariki kitu, na yeye alikuwa halale.

«Tunabeba iyi,» akasema.

«Lakini mama!» Jephté akatoka mu gari. «Haingae!»

«Yako inangaa sababu hakuna muntu ameigusa.»

Priscille akapanda Masœur. Akaegemea mulango, ndiyo, na nguo yake nzima. Lakini nyeupe juu ya nyeupe, nani ataona? Ézéchias alipiga klaksoni mpaka betri ikauma kweli. Siku ya kwanza ya kazi muntu wa Luena akafika, akakuta lupango iko wazi na gari imeenda kubeba ndoa ingine.

Ile siraje haikutoka mpaka leo. Masœur iko rangi ya majivu, na nyeupe mu kona za milango. Bantu banamwita kwa ndoa, banasema: iletwe ile yenye ilipakwa. Ukimuuliza Ézéchias kama Miroir Royal ni siraje muzuri, anavuta kravati na kusema: «Sana, kambo. Lakini kama inangarisha, sijue.»

Minyi nilipita Kabondo-Dianda mwaka uliofuata. Shangazi Kyabu alikuwa mbele ya nyumba anashona. Kakopo ka taji kalikuwa ku magoti yake, sindano ndani. Maandishi yote bado iko pale, na pembeni kitabu yake ya sala, ya Kifaransa, ile alisoma miaka makumi ine bila lunette.

«Shangazi,» nikasema, «ile asubui, mbele ya kuenda misa, ulikasoma kakopo?»

Akakata uzi na meno, akaniuliza kama nitakula samaki.

Nilikula. Kisha nikauliza tena: ulikasoma, ao haukukasoma? Akarudisha sindano mu kakopo: «Kifaransa yake iko na makosa mbili.»