Mama Piano na Ubeti wa Pili

Kwa miaka kumi na tisa kikundi chetu cha maigizo hakikuimba hata wimbo mmoja jukwaani bila yule mama tuliyemwita Mama Piano. Alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, mwembamba, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na maneno yake yalikuwa ya kuhesabika. Piano ya ukumbi ilikuwa kuukuu. Vibonye viwili vya upande wa chini vilikufa zamani, na yeye peke yake ndiye aliyejua kuvikwepa bila wimbo kupata kilema. Watu walijiunga na kikundi, wakaigiza, wakaoa na kuolewa, wakahama. Yeye alibaki pale pembeni ya jukwaa, mgongo kwa watazamaji, uso kwa waimbaji.

Mimi nilikuwa mshonaji wa mavazi. Mengi ya haya niliyaona, na yale nisiyoyaona alinisimulia mwenyewe.

Watu wengi hawakuielewa kazi yake. Walidhani yeye anapiga na waimbaji wanamfuata, kumbe mambo yalikuwa kinyume. Mwimbaji akisahau mstari, Mama Piano alirudia kipande kile kile mpaka mwenzake akaukumbuka. Mwimbaji akikohoa, vidole vilizungukazunguka mahali pamoja mpaka kikohozi kikaisha, na watazamaji wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Siku moja aliniambia, "Ni kama kumvusha mtoto barabara. Humkokoti. Unakwenda kwa hatua zake."

Aliyekuwa akituongoza mwaka huo wa mwisho alikuwa mtoto wa dada yake. Sote tulimwita Dairekta, hata mama yake mzazi alimwita hivyo kwa utani. Alipokuwa mdogo mama yake aliugua muda mrefu, na Mama Piano akamlea miaka minne, akamfundisha kusoma muziki kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ndiye pia aliyemleta kikundini na kututaka tumpe nafasi ya kuongoza. Tulimpa. Na tuseme ukweli, kijana alikuwa na kipaji. Aliandika mchezo wa majirani wawili waliojenga ukuta kati ya nyumba zao wakaacha kusalimiana, ukiwa na nyimbo kumi na moja ndani yake, na hakuna wimbo hata mmoja uliokuwa wa kutupa.

Miezi miwili kabla ya onyesho alikuja ukumbini na kompyuta na vipaza sauti viwili, akavisimamisha kando ya piano.

"Mama mdogo, nataka kunasa nyimbo zote. Watu wapate kufanyia mazoezi majumbani kwao."

Mama Piano alifurahi. Alipiga nyimbo zote kumi na moja kwa siku tatu, mchana baada ya mchana, nyingine mara tano, nyingine mara sita, kwa sababu Dairekta alisikia pikipiki ikipita nje, au kiti kikilia, au kidole kikiteleza. "Tena, mama mdogo. Safari hii safi kabisa." Siku ya tatu vidole vilikuwa vimemvimba. Alivitumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu jikoni kwangu, huku akinieleza jinsi mtoto wa dada yake alivyo makini siku hizi.

Wiki moja kabla ya onyesho aliingia ukumbini akakuta piano haipo. Tulikuwa tumesimamisha ule ukuta wa mbao na turubai, umekula nafasi yote ya pembeni. Piano ilikuwa imesukumwa hadi kwenye ujia wa kwenda chooni, na juu yake yametundikwa magauni. Naungama, magauni yale niliyatundika mimi. Niliambiwa piano haitatumika, nami sikuuliza kwa nini.

"Piano mmeipeleka wapi?" aliuliza.

Dairekta alikuwa juu ya ngazi akifunga taa. Hakushuka. "Nilitaka kukuambia, mama mdogo, kazi zimenizidi tu. Nafasi haitoshi. Tutatumia ile rekodi."

"Ile ya mazoezi?"

"Hiyo hiyo. Ulipiga vizuri sana, ndiyo maana. Wewe sasa upumzike. Utatusaidia kuwapanga waigizaji nyuma ya pazia, ushike orodha."

"Na Chiriku nani atamsubiri?"

"Chiriku ajifunze kuwahi. Hii ni kazi, si shule ya chekechea."

Chiriku alikuwa binti aliyeshika nafasi kubwa kuliko wote, mwanafunzi wa uuguzi, msemaji asiyenyamaza, ndipo akapata jina hilo. Sauti yake ilikuwa ya kukufanya uache sindano hewani. Lakini tangu utotoni kifua chake kilikuwa na shida. Katika wimbo wa tatu, pale binti anapowaomba wazazi wabomoe ukuta, ubeti wa kwanza ulimmaliza pumzi kabisa. Kabla ya ubeti wa pili alihitaji kuvuta pumzi ndefu, na miezi yote ile Mama Piano alikuwa akimsubiri. Siku nyingine alimsubiri kidogo, siku nyingine sana, kadiri kifua kilivyoamka.

Rekodi haikumsubiri. Kati ya beti zile mbili palikuwa na kipande kirefu cha muziki mtulivu, hakina alama ya kukamata, na kila mara Chiriku aliingia ama mapema ama amechelewa. Mazoezi ya kwanza alikosea mara saba. Mara ya nane akatoka mbio hadi getini, akamkuta Mama Piano anaondoka na mkoba wake.

"Mama, usiniache. Ile mashine hainisikii."

Mama Piano alirudi. Wakaelewana hivi: yeye atasimama nyuma ya pazia la kushoto, mahali ambapo Chiriku tu anaweza kumwona. Ubeti wa kwanza ukiisha, atainua mkono, maana yake vuta pumzi sasa hivi. Akiushusha, ingia. Walijaribu. Ikakaa sawasawa kama mfuniko kwenye chungu chake. Dairekta akapiga makofi, akasema unaona, kumbe inawezekana.

Onyesho lilikuwa alasiri za siku tatu. Ijumaa ilikwenda vizuri, Jumamosi ikapita Ijumaa. Mkono uliinuka, ukashuka, na Chiriku aliimba ubeti wa pili hadi akina mama wa safu za mbele wakatafuta vitambaa. Mama Piano alishika orodha yake, akawapanga watu, akawafunga vifungo vya mgongoni. Hakunung'unika. Mimi nilidhani ameyameza yakaisha.

Jumapili alikuja mgeni. Alikuwa mama mmoja anayeongoza jumba kubwa la maonyesho katika mji mwingine, na ilisemekana anatafuta waimbaji vijana. Wimbo wa tatu ulikuwa unaanza mara tu baada ya mapumziko. Wakati wa mapumziko nilikuwa nyuma ya pazia nikishona pindo lililofumuka, Mama Piano amenishikia pini kwenye kiganja. Upande wa pili wa pazia, hatua mbili tu kutoka tulipo, Dairekta alikuwa anazungumza na mgeni.

"Na huu muziki nani anapiga?" mgeni aliuliza. "Una roho. Mtu anaweza kudhani anapumua pamoja na waimbaji."

"Ah, hiyo ni kompyuta tu," Dairekta akasema. "Nimeutengeneza mwenyewe nyumbani."

Mama Piano alinikabidhi pini, moja baada ya moja, mpaka kiganja kikabaki kitupu. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Achana naye, mama. Asante ya punda ni mateke." Alifuta miwani yake kwa ncha ya sweta, akaenda kusimama mahali pake.

Yaliyofuata aliyasimulia hivi. Chiriku aliimba ubeti wa kwanza vizuri kuliko siku zote mbili. Ukaisha. Akageuza uso kushoto kidogo, kama walivyozoea. Mkono wa Mama Piano ulikuwa ndani ya mfuko wa sweta.

"Sikupanga," aliniambia. "Mwanzoni nilikuwa nasubiri uinuke wenyewe, kama ulivyozoea. Haukuinuka. Kisha nikatambua kwamba ni mimi ninayeuzuia. Bado kulikuwa na nafasi. Ningeweza. Nikasema moyoni, hebu hiyo kompyuta yake imsubiri."

Muziki ukapita mahali pa kuingilia. Chiriku akaruka ndani amechelewa, bila pumzi, akashika mstari usio wake. Akaukimbiza muziki, ukamkimbia. Akasimama. Piano ya rekodi ikaendelea kulia peke yake ukumbi mzima, nzuri, taratibu, na binti yuko katikati ya jukwaa mdomo wazi. Kuna mtu akacheka. Mwingine akapiga mluzi. Mpaka mwigizaji aliyecheza kama baba yake alipotoka kabla ya zamu yake akamshika mkono, wimbo ulikuwa umeshafika mwisho.

Mchezo uliisha, watu wakapiga makofi ya adabu. Mgeni aliondoka bila kupita nyuma kutuona. Dairekta alimkuta Chiriku amekaa juu ya sanduku la mavazi, hajavua gauni.

"Siku mbili umeimba," alimwambia mbele yetu sote. "Siku ya mtu wa maana kuja ndiyo unatuvua nguo hadharani. Ulikuwa unaota? Mimi nimeitupa miaka miwili yangu kwa sababu ya mtu asiyejua kuhesabu mpaka nne."

Chiriku, ambaye hata kwenye foleni ya choo huwa anasimulia, aliinama tu akikunja ncha ya gauni. Mama Piano alikuwa amesimama mlangoni na orodha yake. Aliinamisha macho kwenye orodha. Nilidhani ni huruma. Sikujua kwamba binti anachapwa kwa kosa lenye mwenyewe, na mwenyewe yupo hapo hapo.

Zikapita wiki mbili. Mama Piano hakula vizuri wala kulala. Hatimaye alikwenda hospitalini, kwenye wodi ambako Chiriku alikuwa akijifunza kazi, akamkuta chumba cha shuka, anakunja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia jambo. Siku ile..."

"Najua," Chiriku alisema. Aliendelea kukunja. "Nilikuona."

Mama Piano akatafuta mahali pa kukaa, hakuona.

"Mwanzoni nilidhani umepatwa na ugonjwa," Chiriku akasema. "Nilitaka kuacha kuimba nije nikushike. Halafu nikakutazama usoni, nikaona u mzima. Mkono uko mfukoni, na unanitazama."

"Mwanangu, nilikuwa na hasira. Si na wewe. Nilisikia alichomwambia yule mgeni."

"Hasira ulikuwa na haki nayo. Sote tuliona alivyokufanyia. Lakini mafahali mlikuwa nyie wawili, mimi nikawa nyasi." Aliweka shuka juu ya rundo, akalisawazisha kwa viganja. "Hata hilo ningelimeza. Aliponitukana mbele ya watu, mama, ulikuwa mlangoni. Kwa nini hukunisemea?"

Mama Piano aliivua miwani yake, akaiacha ining'inie kifuani.

"Nisamehe."

"Nimesikia, mama." Muuguzi mkuu akamwita kutoka wodini. Chiriku akabeba shuka. "Ukitaka kunisaidia, mwambie Dairekta. Mimi tayari ninajua."

Alimwambia. Jumapili iliyofuata Dairekta alikuja kula kwake mchana, kama kawaida yake. Mama Piano akamwacha ale kwanza.

"Wimbo wa tatu, kosa halikuwa la Chiriku."

"La nani, basi?"

"Langu. Nilimnyima ishara makusudi. Nilikusikia ukimwambia mgeni kwamba muziki umeutengeneza wewe."

Dairekta aliweka kijiko, akamtazama, kisha akacheka kwa upole, kama mtu anavyomchekea mzee aliyesahau siku. "Yale yalikuwa maneno ya kujiuza tu, mama mdogo, usiyatie moyoni. Na huyo msichana usimbebee mzigo wake. Wewe hujawahi kumwangusha mwimbaji maisha yako yote, nani hajui? Una huruma mno."

Alimweleza tena, akamwapia. Kijana alizidi kucheka, akambusu kwenye paji la uso, akaondoka.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mchezo mwingine. Chiriku hakuitwa, na hata angeitwa sidhani kama angekuja. Nafasi yake alipewa binti mwenye mapafu mazima na sauti ya kawaida. Muziki ulitoka kwenye kompyuta, na safari hii ulikuwa wa kompyuta kweli. Mama Piano hakukanyaga ukumbini. Alikuja kwangu tu, mchana mmoja nikiwa na mavazi mapya mapajani, akanieleza yote haya kuanzia mwanzo, kwa utaratibu, kama anafafanua hesabu ubaoni.

Alipomaliza nilimuuliza kwa nini ameamua kuniambia, wakati mambo yameshapita na hakuna aliyemshuku.

"Kwa sababu mtoto wa dada yangu hataki kuniamini," alisema. "Nilitaka awepo hata mwingine mmoja wa kuniamini."

Nilimwamini. Nikaendelea kukunja pindo la suruali.