Fundi Mwenyewe

Kazi ya makochi alifundishwa na mumewe. Mwanzoni alipewa kung'oa misumari ya zamani tu, baadaye akakata sponji, mwishowe akashona vitambaa. Miaka ilivyokwenda, mume akawa wa kupokea wateja na kupiga soga, na mke yuko nyuma ya pazia, misumari midomoni, anavalisha makochi mazima. Wateja wakija kuchukua mali yao walimshika mume mkono: "Fundi, kazi yako haina mfano!" Naye mume alitabasamu tu.

Siku moja, wakiwa mezani, mke akasema, "Mume wangu, kwenye ubao wa nje, chini ya jina lako, niandike na mimi."

Mume akacheka hadi akapaliwa. "Ubao wa kazi ule, siyo cheti cha ndoa."

Kisha akaomba aongezewe mchuzi.

Labda angempiga ingekuwa rahisi kueleza kwa nini anaondoka. Alipokwenda kwao, mama yake alimuuliza, "Kakupiga?"

"Hapana, mama."

"Ana mwanamke nje?"

"Hana."

"Sasa mwanangu, unakimbia nini?"

Akamwacha mumewe hivyo hivyo, bila sababu ambayo mama angeikubali. Binti yao wa pekee alibaki kwa baba, karibu na shule, amenuna.

Alipanga chumba chenye mlango wa barabarani: mbele kazi, nyuma kitanda. Mteja wa kwanza alichungulia kushoto na kulia. "Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Nauliza fundi mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu unayeongea naye."

Yule akaenda zake. Waliofuata wakabaki, na polepole kazi ikashika. Waliopotea ni watu. Mashoga aliokuwa akishinda nao waliacha kupita. Mwanamke aliyemwacha mume asiye mlevi wala mkorofi aliwatia hofu. Jioni alipika kipimo kilekile cha watu watatu, kisha akabaki anaitazama sufuria.

Jirani yake, msusi, alimwazima riwaya. Ilimhusu mwanamke anayepambana mpaka anapata kazi yake na nyumba yake. Ukurasa wa mwisho anageuza ufunguo mlangoni, anacheka.

"Umeionaje?" msusi akamuuliza.

"Tamu. Ila imeishia njiani. Hawakusema jioni ile alikula na nani."

"Kwa hiyo ungekuwa wewe, ungemrudisha kwa mumewe?"

"Thubutu! Ningeandika tu kwamba alikula peke yake."

Miaka ikapita. Binti alipopata mchumba, alikuja akasimama mlangoni, mkoba kifuani. "Mama, baba anaomba siku ya harusi mkae pamoja mbele. Watu wasije wakasema."

"Nitakaa. Lakini asinitambulishe kama mtu wa nyumbani kwake."

Siku ilipofika, baba wa bibi harusi alisimama na kipaza sauti. "Huyu ni mama wa bibi harusi," akasema. "Makochi mliyonisifia mimi miaka yote ile, alikuwa anatengeneza yeye."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama wa bibi harusi akainamia mikono yake mapajani.

Watu walipokuwa wakiaga, mume wake wa zamani akamfuata uani. "Rudi nyumbani. Si nimeshasema mbele za watu?"

"Nimekusikia, na asante. Ila sirudi. Nimeshazoea kuamua mambo yangu."

"Na upweke je?"

"Upo."

"Hata kwangu upo," akajibu.

Kila mmoja akashika njia yake.

Mwanamke alifika kwake jua lingali juu. Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda na nguo zake za harusi. Alitamani kumsimulia mtu jinsi bwana harusi alivyolikanyaga gauni, na binti, badala ya kukasirika, akaangua kicheko mpaka machozi. Akachungulia nje, kwa msusi kumefungwa. Akarudi kukaa, akaanza kusimulia hivyo hivyo, kwa sauti ndogo, tangu bibi harusi alipoingia ukumbini.