Mpiga Sinema wa Malaba na Kaburi la Bwire

Watu wa Malaba walimwita Mhindi mpaka akafa, na mimi niliyempangisha chumba cha nyuma nilichoka kuwasahihisha. Alikuwa Mbangladeshi. Alipoteremka kwenye treni mwaka wa sabini na mbili, nchi yake ilikuwa na umri wa mtoto anayeota meno, na yeye mwenyewe alikuwa ametoka kung'olewa ya mbele kwa kitako cha bunduki. Nilimpa maji ya chumvi asukutue. Akatema damu kwenye karai langu la vyombo, nikamgombeza. Ndivyo tulivyojuana.

Jina lake lilikuwa Motaleb, nasi tukaliita Motalebu. Mimi ni Selpha, mwenye lojing'i, nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na reli, ile ambayo madereva wa malori waliisifu kwa chapati na kuilaani kwa kunguni. Kitabu chake kiko kabatini mwangu hadi leo. Kimechapishwa kwao, kwa herufi zinazoning'inia kama nguo kwenye kamba, na sijui kusoma hata moja. Alikiandikia kwenye meza yangu ya jikoni, miaka yote ya mwisho ya sabini, na kila alipomaliza ukurasa alinisomea kwa Kiswahili chake kibovu nami nikabishana naye. Aliandika kwa sababu filamu aliyopiga hapa mpakani haipo tena. Wasomi hunijia kuuliza ilikwenda wapi, kisha hunitazama kama mwizi. Basi leo naeleza.

Huko Tororo alikuwa akiendesha mashine ya sinema na kupiga filamu fupi za wakulima wa pamba. Watu wa asili ya Asia walipofukuzwa Uganda, alipakiwa kwenye treni pamoja na wenzake, na kila treni iliposimama askari waliingia. Waliwanyofoa wanawake herini pamoja na nyama ya sikio. Mzee mmoja aliyeshikilia begi lake alipigwa tumboni mpaka akajinyea, kisha wakacheka. Saa ya Motalebu ilikataa kutoka haraka, wakamvunja vidole viwili. Kamera aliificha ndani ya gunia la mchele, na askari alisimama juu ya gunia hilohilo akimpiga.

Wenzake waliendelea na treni hadi Mombasa. Yeye aliombewa kibali na padri mmoja aliyetaka mtu wa kumpigia sinema za afya, akapewa gari bovu, akawa mtu wetu. Alizunguka Angurai, Alupe mpaka kule Samia akionyesha filamu za funza, za ukoma na za maji machafu, ambazo alizipiga mwenyewe kwa vile vidole vilivyopinda. Filamu alizisafishia bafuni kwangu, kwenye ndoo zangu. Dawa zilinuka hadi wageni wakadhani nimeficha maiti.

Ndani ya pochi yake alikuwa na kipande cha gazeti. Picha ilionyesha uwanja wenye watu waliolazwa chini, wengi, na mmoja amevaa shati la mistari.

"Huyu mdogo yangu, Lutfor," aliniambia. "Shati hii mimi nilituma kutoka Tororo. Vita ya kwetu, askari waliingia chuoni wakaua wanafunzi. Mwili hatukupata."

"Pole."

"Gazeti hii ilisomwa Ulaya yote, Selpha. Dunia iliona. Halafu wakafungua ukurasa ya mpira."

Hakulia aliposema hayo. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya meno. Nilimwona mtu mkavu, nikamlaumu moyoni.

Sasa Bwire. Bwire alikuwa mwana wa Teresa, mjane wa Samia, boma lao liko juu kidogo ya mto Sio. Alikuwa mchekeshaji wa kuzaliwa. Katika filamu ya funza yeye ndiye aliyekuwa yule mjinga anayekataa kuvaa viatu, na tangu hapo sokoni hakuitwa Bwire tena, aliitwa Funza, naye akaitika. Lakini sinema haikumlisha. Mwaka wa sabini na saba kahawa ya Uganda ilikuwa dhahabu, na vijana wote wenye mgongo waliibeba kuvuka mto usiku. Bwire alimbebea Osukuku, tajiri wa malori hapa Malaba, mtu aliyekaa mbele kanisani. Ng'ambo askari waliwapiga risasi wabebaji kama panya wa ghalani. Kila wiki mto ulileta mtu.

Siku hiyo tulikwenda Sio mchana kweupe kupiga filamu ya kichocho. Mimi nilikuwa mke anayefua. Bwire alikuwa mume anayeoga pale asipopaswa kuoga. Maji yalimfika magotini.

"Bwire, ingia mbele kidogo," Motalebu akamwambia, jicho liko kwenye kamera. "Jua nzuri hapo."

Bwire akaingia mpaka kifuani. Akatugeukia, akajifanya anasugua kwapa kama mzungu ndani ya beseni, akacheka.

Askari walitoka kwenye mafunjo ya upande wa pili. Walikuwa wanamjua, walimwita kwa jina. Kitako cha kwanza kilimvunja taya, nikasikia mfupa. Alijaribu kuogelea kuja kwetu. Mmoja akamkamata nywele, mwingine akamchoma mgongoni kwa singe, akaichomoa, akachoma tena. Nilipiga kelele nikawarushia sabuni, mpumbavu mimi, wakanijibu kwa risasi iliyotoboa karai nililokuwa nimeinamia. Walimburuta kwa miguu hadi kwenye nyasi za ng'ambo. Alikuwa bado anainua mkono. Mmoja akamkanyaga shingo, mwingine akampiga risasi ya kichwa, wakamtupa kwenye Land Rover wakaondoka naye.

Motalebu hakuwa amekimbia. Kamera ilikuwa bado inanguruma. Nilimzaba kofi lililomfanya ayumbe.

"Unapiga picha mtu akiuawa?"

"Selpha," akasema, "mkono inakataa kuacha."

Nilimchukia wiki nzima. Nilimpa chakula bila salamu. Yeye hakujitetea. Aliniambia mara moja tu kwamba yeye ndiye aliyemwambia mtoto wa watu aingie mbele, na kwamba mbele hapakuwa na ulazima wowote, ni jua tu.

Filamu ile aliisafisha mwenyewe, na habari zake zikaenea. Aliyeitaka kwanza ni Osukuku, kwa kuwa nyuma ya mafunjo mitumbwi yake ya magendo ilionekana, na magunia, na mwanawe amesimama juu yake. Alituma matanboi wake, vijana wasaidizi wa malori. Walikuja saa ya chakula, malori yamepanga foleni hadi posta, na madereva wakaendelea kula wakitazama. Walimpiga Motalebu kwa vyuma vya kufungulia magurudumu. Mbavu zilivunjika, na alipojikunja wakamgeuza ili wapate upande mwingine. Nilimmwagia mmoja mafuta ya maandazi usoni na sijutii. Walitoa mikebe yote ya filamu chumbani, wakaichoma uani kwangu. Ukoma ukaungua, maji machafu yakaungua, na Funza wetu asiyevaa viatu akaungua na moshi wake mweusi.

Ya Sio hawakuipata. Ilikuwa ndani ya debe langu la unga wa wimbi, nami nilikuwa nimelikalia wakati wanapekua. Motalebu alipigwa hadi akazimia, na hakusema. Basi kati ya sinema zote zilizokuwa na Bwire, ikabaki ile anayofia.

Aliyeitaka wa pili alikuwa mwandishi mzungu aliyekuja kutoka Nairobi. Huyo alizungumza kwa adabu. Alisema ataipeleka Ulaya pamoja na mwenyewe Motalebu, apate matibabu na makao huko, na kwamba dunia ikiona askari wanavyoua mchana, mauaji huenda yakakoma. Motalebu akaanza kufunga mizigo, mbavu zimefungwa shuka. Nilimwambia aende. Nilitaka waliomwua Bwire waaibishwe, waonwe na kila mtu, hata na wake zao.

Kesho yake akaja Teresa. Nilikuwa nimempelekea habari kwamba sinema ipo, maana moyo ulikataa afichwe. Alikuja kwa miguu hadi Busia, kisha akapanda lori la makaa. Alikaa kwenye benchi langu, akakataa chai.

"Wazee wamekata mgomba," akasema.

Kwetu mtu akipotea na mwili usipatikane, mgomba huvishwa sanda ukazikwa badala yake, boma lipate kutulia. Bila hivyo nduguze hawaoi, na mama halali.

"Nimekataa," akaendelea. "Hiyo mgomba si mimi nilizaa. Haikunyonya kwangu. Nimesikia hii sinema iko na kijana yangu ndani. Nataka nizike hiyo."

Motalebu alinitazama mimi kwanza, kisha chini. "Mama, hii inaenda Ulaya. Watu waone. Labda wataacha kuua watoto."

"Wewe pia uliuliwa ndugu, Selpha ameniambia. Picha ikaonekana kwa gazeti."

"Ndiyo, mama."

"Walipoiona, waliacha?"

Malori yalipita barabarani, vikombe vikatetemeka mezani. Motalebu akavishika visianguke.

"Hapana," akasema.

"Basi nionyeshe mtoto yangu."

Tuliziba madirisha ya stoo kwa magunia, nikatundika shuka la kitanda namba tatu, ambalo lilikuwa safi. Mashine ikaanza. Nilijiona nafua, kisha Bwire akaingia majini, akageuka, akacheka. Teresa akainuka akaenda mbele mpaka akasimama kati ya mashine na shuka, na Bwire, badala ya kuwa ukutani, akawa mgongoni mwake, juu ya gauni la maombolezo, palepale alipombeba alipokuwa mchanga. Akarudisha mikono nyuma kama anayeshikilia mtoto asianguke. Motalebu akazima taa kabla askari hawajatoka. Mimi nililia kwa sauti, sikuona haya.

Mzungu alipokuja kumchukua aliambiwa hapana. Alikasirika, akasema Motalebu anafukia ushahidi wa mauaji na atajuta, na pengine alikuwa na haki. Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba mtu yule aliyevumilia vyuma vya Osukuku bila kuitoa filamu, aliitoa kwa mama mmoja aliyekuja kwa lori la makaa.

Wazee wa Samia hawakufurahi. Walisema Selpha yuko hai na yumo ndani, na mtu mzima hazikwi na maiti, watu wataanza kufa mmojammoja. Motalebu akachukua mkasi, akanikata akanitoa. Kile kipande ninacho. Ukikiinua kwenye mwanga unaona mwanamke mdogomdogo na karai lisilo na tundu.

"Na wale askari?" mzee mmoja akauliza. "Tunazika muuaji na marehemu?"

"Nikiwakata, namkata yeye," Motalebu akajibu. "Wamemshika, mzee. Hakuna mahali hawajamshika."

Wazee wakaguna. Teresa alikuwa amepakata mkebe kwenye mapaja, akaufunika kwa kanga.

"Waingie naye," akasema. "Huko wamweleze kwa nini."

Tulimzika asubuhi ya Jumamosi, jeneza kamili, mkebe umevishwa sanda na shati lake jeupe la kanisani. Kutoka ng'ambo ya mto tulisikia bunduki, maana kazi yao ilikuwa ikiendelea. Hakuna aliyegeuka. Jeneza lilipokuwa juu ya kamba, Motalebu akasogea mbele, anatembea upande upande kwa ajili ya mbavu, akatoa pochi.

"Mama Teresa," akasema. "Mimi iko na wangu pia."

Akamwonyesha kipande cha gazeti. Karatasi ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, lakini shati la mistari lilionekana. Wazee walianza kunong'ona kwamba huyo si wa ukoo, wala si wa dini, na hajulikani alikofia. Teresa akawanyamazisha kwa mkono.

"Anaitwa nani?"

"Lutfor."

"Mama yake yuko wapi?"

"Alikufa akingoja."

Teresa akawaambia wabebaji washushe jeneza chini walifungue. Wakalifungua. Akaichukua ile picha kwa mikono yote miwili, akaiweka juu ya shati la Bwire, akanyoosha kunjo kwa kidole gumba. Kisha akawageukia wanawake, akataja jina, nao wakamlilia, Lutufu, Lutufu, kijana ambaye hakuna aliyemwona, kwa sauti ileile waliyomlilia wa kwao.

Motalebu akakaa chini kwenye udongo uliochimbwa. Kilio kilichomtoka kilikuwa kibaya, cha mdomo wazi, kamasi na mate, mbavu zilizovunjika zikimkata kila akivuta pumzi. Wanaume waliona aibu. Wawili wakaenda kumwinua wamtoe pale.

"Mwacheni," Teresa akasema. "Amefiwa leo."