Swali Alilolikwepa Mama Mkwe

Maneno yanayozungushwa mtaani, kwamba mama mkwe wangu alimharibu mwanawe wa mwisho kwa kumnyima mapenzi, ni ya uongo. Siku alipoulizwa nilikuwepo chumbani kwa daktari. Wanaoyasema hawakuwepo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameoka mikate tangu ujana wake. Hapendi kuguswa begani. Ukimsalimia, huangalia ukosi wa shati lako. Kule tanurini, hayo hayakumsumbua mtu, mpaka msimamizi mpya alipomhamishia mbele, dukani, awe muuzaji.

"Mkate huu ni wa leo?" mteja akauliza.

"Wa jana. Wa leo uko nyuma. Wamesema huu uishe kwanza."

Wateja walicheka, msimamizi hakucheka. Akamwambia alete neno la daktari linaloeleza ana nini, la sivyo asirudi kabisa. Niliogopa. Nimemwona shemeji wakati wa likizo: hulala akiutazama ukuta, hata chakula hakimwiti.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alizungumza naye kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Nahisi ni usonji. Ila kwa mtu mzima lazima nijue alikuwaje utotoni. Nani alimlea?"

Aliyebaki hai ni mama mkwe peke yake. Nikampeleka pamoja na shemeji, mama amevaa gauni lake la heshima.

"Bibi, alipokuwa mchanga alipenda kubebwa?"

"Sana."

"Alikuwa akikutazama usoni?"

"Kutwa."

"Na kuongea alianza lini?"

"Mapema kuliko wewe."

"Mama, unadanganya," shemeji akasema, taratibu kabisa. "Niliongea kaka alipokuwa keshaanza shule."

"Nyamaza! Nani kakuuliza?"

Nikaomba udhuru, nikamtoa mama mkwe nje, hadi ukumbini. "Mama, mbona hivi? Kazi yake inategemea majibu yako."

"Wewe msomi mzima huwajui hawa madaktari?" akaninong'oneza kwa ukali. "Wa kwanza alisema ni wazimu wa utotoni, eti mtoto kajifungia ndani kwa sababu mama yake ni baridi. Alilisema mbele ya baba mkwe wako! Wa pili akasema ni taahira, na mtoto amekaa pale pale anasoma gazeti lililofungiwa sabuni. Wa tatu nikamtajia mimi mwenyewe hilo neno usonji, nimelisikia redioni. Akasema haiwezekani, huyu anaongea. Kila mmoja na jina lake, na kila mmoja ananitazama mimi."

Na mimi swali likiniingia kichwani halitoki. Tuliporudi ndani nikamuuliza daktari waziwazi kwa nini wenzake walibadilika hivyo.

Hakukasirika. "Mwanzoni walitazama watoto wachache, wakadhani wameuona ugonjwa wote. Mama akionekana mkimya, wakamlaumu. Baadaye watafiti wakalinganisha mapacha."

"Mapacha wana nini?"

"Wale wanaofanana kabisa, mmoja akiwa na usonji, mara nyingi na mwenzake anao. Kwa wasiofanana ni mara chache zaidi, na wote wamelelewa na mama mmoja. Ndipo ikaonekana kwamba mtu huzaliwa nao. Wakautenga na wazimu. Kisha wakagundua wapo wanaoongea, wanaosoma, wanaozeeka kazini bila kutambuliwa. Na hata sisi hatujamaliza. Huenda wajukuu zako watatucheka."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani amesinzia.

"Kwa hiyo nikisema alikataa kubebwa," akasema, "utaandika ni kosa la nani?"

"Sitaandika kosa, bibi. Nitaandika kwamba alikataa kubebwa."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. Akamwambia mwanawe atoke nje kidogo.

"Nakaa," shemeji akajibu. "Ni habari zangu."

"Haya, kaa. Lakini usinirekebishe."

Akaanza kusema. Daktari aliandika, akaacha kuandika, akasikiliza tu. Shemeji hakumrekebisha hata mara moja.

Usonji ulithibitishwa. Msimamizi alipoelezwa alinuna, lakini alimrudisha tanurini, na ndiko aliko sasa. Mnaotaka kujua mama mkwe alisema nini siku ile, msije kwangu. Mume wangu mwenyewe angekuwa hai nisingemwambia. Sisemi.