Kilo za Bwana Thackray

Fundi yule wa magari wa mji wa Ludlow husalimiana na gari kabla ya mwenye gari. Hulizunguka akipiga mluzi, hukandamiza kila pembe kwa kiganja chenye weusi wa grisi usiotoka hata Jumapili, kisha huinamisha kichwa na kusubiri litulie. Gari jekundu la Thackray, la tangu ujana wake, alilikandamiza mara moja tu. "Injini hiyo mpya uliyotia ni fahali, Bwana Thackray. Umemfunga kwa uzi wa kufumia." Akabadilisha springi na shokapu zote. Mashindano ya kupanda kilima kwa magari yalikuwa kesho yake, na Thackray aliyangoja tangu alipostaafu. "Una kilo ngapi?" fundi akauliza, maana springi hurekebishwa kwa uzito wa dereva. "Sabini na tano." Fundi hakulitazama tumbo la mteja wake. Aliweka magunia ya mchanga kitini, akarekebisha, akaridhika. Kisha Thackray akaingia mwenyewe. Gari likalalia kulia, tairi likagusa madigadi, na mluzi ukakatika.

"Kona ya kwanza tu, hilo tairi linapasuka," fundi akasema taratibu. "Hizo sabini na tano ni za mwaka gani?"

"Mwaka niliolinunua gari."

Fundi akaleta gunia jingine, akaanza upya kukaza, na mluzi ukarudi. "Na mkeo, mnayepokezana naye usukani? Uliniambia hamsini na tano."

Thackray akatazama mlangoni, mkewe alikokuwa akimimina chai. "Muulize wewe, fundi. Mimi nataka kuiona kesho."